Hii Dawa ya "Nano" Haina GPS, na Bado Naitaka Kenya

Kuna video fulani inazunguka sana, na najua umeiona. Kimpira kidogo cha rangi ya buluu kinateleza ndani ya mshipa wa damu kama drone, kinapita seli nzuri bila kuzigusa, kinafika kwa saratani, kinapasuka, saratani inaisha. Sauti nzito inasema dawa ya nano "inajua adui amejificha wapi". Huko chini kwa komenti watu wanaandika Amina na kuuliza inauzwa wapi.

Haijui. Hicho kitu hakina macho, hakina ramani, hakina GPS. Kinabebwa na damu tu, venye majani hubebwa na mto, na sehemu kubwa yake haifiki kwa uvimbe kabisa. Na bado mimi nasema ni moja ya vitu vya akili sana binadamu amewahi kutengeneza. Bifu yangu ni kwamba sisi huku tunauziwa hadithi yake badala ya kupewa dawa yenyewe.

Kabla mtu aniulize digrii yangu iko wapi: sina. Niliacha chuo mwaka wa pili, ingawa ukweli ni kwamba karo iliniacha kwanza. Lakini kusoma hakuna mtu amenifungia, na hii mada nimekaa nayo miezi kadhaa kwa sababu iko na mtu wa familia yetu ndani. Nitafika hapo.

Jina la hicho kimpira ni liposomu. Tuanzie jikoni. Ukimwaga mafuta kwa maji yanajitenga, hayataki story za maji. Sasa kuna mafuta ya aina fulani, yanaitwa fosfolipidi, ambayo kila molekuli iko na kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayochukia maji. Ukiziweka kwa maji zinajipanga zenyewe bila kuambiwa na mtu. Vichwa vinaangalia maji, mikia inajificha katikati, safu mbili, mikia kwa mikia. Hiyo safu mbili inajikunja mpaka inakuwa mpira, na ndani ya mpira kuna tone la maji. Kila seli kwa mwili wako imezungushiwa ukuta wa aina hiyo hiyo, kwa hivyo ukuta wenyewe si kitu kigeni kwa mwili.

Mwingereza mmoja, Alec Bangham, ndiye aliona hii mipira mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa hadubini ya elektroni, huko Babraham karibu na Cambridge. Hakuwa anatafuta tiba ya saratani hata kidogo. Wenzake walikuwa wanaiita "banghasomes" kwa utani. Miaka ya 1970 ndio watu kama Gregory Gregoriadis walianza kusema: kama katikati kuna nafasi, kwani tusiweke dawa hapo?

Rahisi kusema. Kutoka hapo mpaka dawa ya kwanza ya saratani kuruhusiwa ilichukua zaidi ya miaka 20.

Abiria wa hiyo gari ni doksorubisini, na huyo abiria ni wa kuogopwa. Asili yake ni bakteria kutoka kwa udongo wa karibu na Castel del Monte, kusini mwa Italia, bakteria anayetoa rangi nyekundu. Waitaliano wakapata dawa ya kwanza, wakambadilisha bakteria kidogo, wakapata nyingine kali zaidi, wakaiita Adriamycin kwa heshima ya Bahari ya Adriatic. Ni nyekundu kabisa, kama ile juisi ya kuchanganya na maji. Inaingia katikati ya DNA ya seli na kuzuia kimeng'enya ambacho seli inahitaji ndio igawanyike. Seli za saratani zinagawanyika kila saa, kwa hivyo zinaumia. Lakini nywele pia zinakua kila saa. Utumbo pia. Na damu.

Hizo zote hurudi. Kitu haikurudishii ni moyo. Doksorubisini inaharibu misuli ya moyo, na huo uharibifu unajumlishwa kila dozi, hausahauliki. Madaktari wanahesabu dawa yote umewahi kupata maishani, na ukikaribia miligramu 450 hadi 550 kwa kila mita mraba ya ukubwa wa mwili, hatari ya moyo kushindwa kufanya kazi inapanda vibaya. Yaani dawa inaweza kuwa bado inashinda saratani na daktari analazimika kuisimamisha kwa sababu ya moyo.

Mamangu mdogo alipewa hii dawa. Saratani ya matiti, mizunguko minne, kila siku 21. Hakuna mtu alimwambia kwamba mkojo unaweza kutoka mwekundu baada ya kuwekewa. Akanipigia simu saa tisa usiku akilia, akijua figo zimepasuka. Mimi na yeye tukakaa kwa simu nikitafuta kwa intaneti mpaka tukapata kwamba ni rangi ya dawa tu. Siku iliyofuata nikauliza muuguzi kama kuna aina ya hii dawa ambayo haichomi moyo. Akacheka kidogo, si kwa ubaya, akasema, "Iko, lakini si ya hapa." Hiyo sentensi ndiyo imenileta hapa.

Kwa sababu iko kweli. Inaitwa Doxil, na venye ilitengenezwa ndio part napenda kuliko zote, mnisamehe nikichukua muda.

Mwanabiokemia Yechezkel Barenholz na daktari wa saratani Alberto Gabizon, huko Jerusalem, walijaribu mara ya kwanza miaka ya 1980. Walitengeneza liposomu kubwa kubwa, nanomita 200 hadi 500, dawa ikiwa imekwama kwa ukuta wa mafuta. Wakajaribu kwa wagonjwa. Ikafeli. Dawa ilivuja njiani, na mipira mingine yote ikanaswa na ini.

Elewa hapo kwa ini. Ndani ya ini na wengu kuna seli za ulinzi ambazo kazi yao ni kama ya kanjo: zinakaa kando ya njia zikiangalia nani hana leseni. Kitu chochote kigeni kikipita kwa damu, protini zinakigandia, kanjo anakiona, anakibeba. Liposomu za kwanza zilikuwa zinabebwa ndani ya muda mfupi sana.

Ndio wakabadilisha kila kitu. Kwanza ukubwa: wakashusha mpaka nanomita 80 hadi 100. Unywele wako una unene wa kama nanomita 80,000, kwa hivyo liposomu 800 hivi zinaweza kujipanga kwa upana wa unywele mmoja. Namna ya kupata saizi moja ni kusukuma ule mchanganyiko ukiwa moto kwenye kichujio chenye matundu madogo ajabu, tena na tena, kama kuchuja tui la nazi ila kichujio hiki hata bakteria hapiti. Halafu ukuta: wakachagua mafuta magumu na kuongeza kolesteroli, ndiyo, ile ile unaambiwa uiogope kwa chipo, kwa sababu inafanya ukuta usivuje. Halafu nguo: wakapaka nje nyuzi za polietilini glikoli, PEG kwa kifupi. Hizo nyuzi zinashika maji na kufanya kama blanketi la maji kuzunguka mpira, protini zinakosa pa kugandia, na kanjo anaona mtu amevaa suti na briefcase anapita, anamwacha. Matokeo ni kwamba badala ya kuondolewa kwa damu haraka, inazunguka siku kadhaa.

Lakini ile trick iliniua ni ya kupakia dawa. Ukichanganya tu dawa na mafuta, ni kidogo tu inaingia. Wao walifanya hivi: ndani ya mpira waliweka amoniamu salfeti, nje wakaiosha yote ikaisha. Doksorubisini ikiwa nje inaweza kupenya ukuta. Ikishaingia ndani inakutana na asidi, inapata chaji, na kitu chenye chaji hakiwezi kupenya ukuta wa mafuta kurudi nje. Halafu inashikana na salfeti na kuganda kuwa fuwele. Mlango wa kuingia tu, hakuna wa kutoka. Zaidi ya asilimia 90 ya dawa inaingia, na kila kampira kanabeba molekuli zaidi ya 10,000. Kwa picha za hadubini inaonekana kama mbegu ya kahawa, na huo mstari katikati ni dawa iliyoganda. Mtu wa Nyeri angeitambua mara moja.

Sawa. Sasa tuseme imepita kanjo, iko kwa damu, imebeba mzigo. Inaingiaje kwa saratani kama haijui ilipo?

Hapa ndipo uvimbe unajisaliti. Mwaka wa 1986 Wajapani wawili, Yasuhiro Matsumura na Hiroshi Maeda, walionyesha kwamba uvimbe unajenga mishipa yake ya damu kwa haraka na kwa ubovu. Fikiria zile ploti zinapanda floor saba kwa miezi michache bila mkaguzi kukanyaga hapo. Mabomba yanavuja kila kona, na mtaro wa kutoa maji machafu hakuna. Mishipa mizima haina matundu ya kupitisha kitu cha nanomita 100. Ya uvimbe inayo. Kwa hivyo liposomu inazunguka, inazunguka, na kila ikipita kwa uvimbe chache zinaanguka kwa yale matundu, na kwa sababu hakuna mtaro wa kuzitoa, zinabaki hapo na kuachilia dawa polepole. Gabizon na wenzake waliripoti mwaka wa 1994 kwamba kwa maji yanayojikusanya karibu na saratani ya wagonjwa, kiwango cha dawa kilikuwa mara 4 hadi 16 zaidi ukilinganisha na dawa ya kawaida, na kilifika kilele siku ya 3 hadi ya 7.

Ndiyo hiyo tu. Kuzunguka kwa muda mrefu na kuanguka kwa shimo. Hakuna kutafuta.

Na sio uvimbe wote una matundu. Watafiti wa Uingereza waliweka alama ya mionzi kwa liposomu na kuzifuatilia kwa wagonjwa, wakachapisha mwaka wa 2001. Kati ya dawa yote iliyodungwa, iliyofika kwa uvimbe ilikuwa asilimia 0.5 hadi 3.5, kulingana na mgonjwa na aina ya saratani. Mwaka wa 2016 kundi la Warren Chan pale Toronto likakusanya utafiti wa miaka 10 wa chembe za nano za kila aina, karibu wote wa panya, na kupata kwamba kwa wastani wa katikati ni asilimia 0.7 tu inayofika. Soma hiyo tena. Ukituma boda boda 1,000 Kasarani, 7 zinafika. Zingine ziko kwa ini.

Najua mtu ashaandika "kwa hivyo ni bure". Tulia.

Mwaka wa 2004 yalichapishwa majaribio ya wanawake 509 wenye saratani ya matiti iliyosambaa. Nusu walipewa doksorubisini ya kawaida, nusu ile ya liposomu. Kwa upande wa kuzuia saratani walikaribiana: miezi 6.9 kwa liposomu kabla ugonjwa kuendelea, miezi 7.8 kwa ya kawaida. Kuishi, miezi 21 dhidi ya 22. Kwa hivyo hapana, haikuua saratani zaidi. Lakini kwa moyo, wale wa dawa ya kawaida walikuwa na hatari ya kuumia moyo zaidi ya mara tatu ya wenzao. Kupoteza nywele, asilimia 66 dhidi ya 20. Kichefuchefu, 53 dhidi ya 37. Yaani faida kubwa ya hii dawa haiko pale inapofika. Iko pale haifiki. Mishipa ya moyo haina matundu, kwa hivyo mpira unapita tu na mzigo wake, moyo hauonjwi.

Kwangu hiyo ndiyo story yenyewe, na ajabu ni kwamba hakuna video inaisema. "Dawa inayoacha moyo wako" haina ule moto wa "dawa inayowinda saratani". Lakini muulize mama wa miaka 45 mwenye watoto watatu anataka gani.

Iko na gharama yake pia, msidanganywe. Kwa sababu inakaa kwa damu siku nyingi, inavuja kwa mishipa midogo ya viganja na nyayo. Ngozi inawaka, inavimba, inachubuka. Kwa hayo majaribio, asilimia 48 ya wale wa liposomu walipata hiyo shida, dhidi ya asilimia 2. Ukiwa unafua nguo za watu ama unachoma mahindi kando ya barabara, hiyo si shida ndogo.

Na wale walijaribu kuipa GPS kweli? Walikuwepo. Kuna kampuni ya Marekani ilibandika kingamwili kwa liposomu ya doksorubisini ndio zishike seli za saratani ya matiti zenye alama ya HER2. Kwa karatasi ilikuwa tamu sana. Majaribio yakasimamishwa mwaka wa 2016 kwa sababu haikuonekana itashinda tiba iliyokuwepo. Wengine wakatengeneza ya kuyeyuka ukiipasha joto, ThermoDox, nayo ikashindwa kufikia lengo kwa saratani ya ini mwaka wa 2013. Ilifanya vizuri ile isiyojigamba. Vyxeos, ya mwaka wa 2017, kazi yake ni kubeba dawa mbili pamoja kwa uwiano wa 5 kwa 1 ndio zifike zikiwa bado kwa uwiano huo. Kwa wazee wa miaka 60 hadi 75 wenye aina mbaya ya saratani ya damu, kuishi kulitoka karibu miezi 6 hadi miezi 9 na nusu. Miezi mitatu na nusu. Si muujiza, lakini uliza familia zao.

Sasa turudi nyumbani, na hapa ndipo nakasirika.

Miezi michache imepita nilitumiwa ofa nitangaze matone fulani ya "liposomu ya nano", ya kunywa, ati yanasafisha uvimbe. Hela ilikuwa nzuri, kodi ya miezi minne. Nikawauliza swali moja: hizo liposomu zinapitaje tumboni? Kwa sababu hizi zote nimeeleza zinaingia kwa mshipa, kwa dripu, hospitalini. Ukimeza mpira wa mafuta unakutana na asidi ya tumbo, halafu nyongo, na kazi ya nyongo ni kuvunja mafuta. Zaidi ya hapo, ndani ya chupa hakukuwa na dawa ya saratani, ni mimea na vitamini C. Hawakunijibu swali, waliongeza hela. Sikuchukua, lakini wameshapata mtu mwingine, na huyo mtu unamfuata.

Hii inaniuma kwa sababu wanatumia jina la kitu cha kweli. Mgonjwa anasikia "liposomu", anaingia kwa intaneti, anapata ni sayansi halisi, anaamini chupa. Halafu anaruka kemo. Mtu akikuletea dawa ya saratani, angalia kama imesajiliwa na Pharmacy and Poisons Board. Kama haiko, hiyo ni juisi ya bei ghali.

Lakini siwezi kulaumu wauzaji peke yao. Uongo huwa unakaa pale ukweli haujafika. Sikiza hii: FDA ya Marekani ilipitisha Doxil Novemba 1995. Unajua ni ya ugonjwa gani kwanza? Sio matiti. Ni Kaposi, zile alama za zambarau kwa ngozi na mdomoni za watu wenye UKIMWI. Kaposi! Ugonjwa ambao madaktari walikutana Kampala mwaka wa 1961 kuujadili, kabla hata HIV ijulikane, kwa sababu ulikuwa huku kwetu tayari. Miaka minne baada ya Doxil kupitishwa, Moi alitangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa. Dawa ya kwanza ya nano ya saratani ilitengenezewa ugonjwa unaoua watu wa Afrika Mashariki, na ikaenda kwingine.

Mwaka wa 2020 yalichapishwa matokeo ya majaribio makubwa ya kutibu Kaposi iliyokolea, yaliyofanywa Kenya, Uganda, Malawi, Zimbabwe, Afrika Kusini na Brazil. Walilinganisha tiba tatu za kemo, na paklitakseli ikashinda. Kazi nzuri, na imesaidia watu. Lakini doksorubisini ya liposomu haikuwa hata moja ya hizo tatu. Siwalaumu watafiti, walipima kile nchi zetu zingeweza kununua. Nalaumu hiyo hali kwamba swali letu huwa "gani ni nafuu kati ya zilizobaki" miaka 25 baada ya jibu lingine kupatikana.

Mtu wa serikali atasema liposomu ni teknolojia ya wazungu, ghali sana, haiwezekani huku. Uongo, kwa sababu tayari iko huku. Inaitwa AmBisome. Ni dawa ya fangasi, amfoterisini, iliyowekwa ndani ya liposomu kwa sababu ile ya kawaida inaumiza figo. Kwa kala-azar, ugonjwa wa watu wa Turkana, Pokot Magharibi na Baringo, inatumika kwa wale hawawezi kupewa sindano za kawaida, kama mama wajawazito. Na mwaka wa 2022 majaribio ya Uganda, Malawi, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini yalionyesha kwamba kwa homa ya uti wa mgongo ya fangasi, dozi moja kubwa ya liposomu pamoja na vidonge inafanya kazi sawa na tiba ya zamani ya siku saba za dripu: vifo asilimia 24.8 dhidi ya 28.7 ndani ya wiki 10, na madhara machache. WHO ikabadilisha mwongozo mwaka huo huo. Kuhusu bei, kampuni ya Gilead ilitangaza mwaka wa 2018 dola 16.25 kwa chupa kwa nchi za kipato cha chini na cha kati. Ilishushwa kwa sababu watu walipiga kelele kwa miaka.

Kwa hivyo friji zipo, dripu zipo, wauguzi wanajua kuiweka. Kile hakipo ni kelele ya upande wa saratani.

Na usifikirie Wamarekani walikuwa wamejipanga sana. Novemba 2011 kiwanda kimoja cha Ohio, Ben Venue, kilisimamisha kazi, na Doxil yao yote ilikuwa inatoka hapo. Wagonjwa wakawekwa kwa foleni ya kusubiri. Mwaka wa 2012 FDA ikaruhusu kuingizwa kwa Lipodox, ya kampuni ya India, Sun Pharma, na mwaka wa 2013 ikapitisha aina yao ya bei nafuu rasmi. Yaani Marekani yenyewe iliokolewa na kiwanda cha India, pale pale tunanunua Panadol za jina lingine. Kuiga hii dawa si kama kuiga Panadol, nakubali. Viungo vinaweza kuwa vile vile lakini ukuta ukitofautiana kidogo dawa inavuja mapema ama inakataa kutoka, kwa hivyo wakaguzi wetu lazima wapime kweli, si kupiga muhuri. Lakini inawezekana, ilishafanywa, na hati miliki ya mwanzo ilishaisha zamani.

Ningependa SHA waseme wazi: mgonjwa ambaye moyo wake tayari una shida, ama amefikisha dozi yake ya doksorubisini na bado saratani inaisikia hiyo dawa, je, watamlipia ya liposomu? Sisemi kila mtu apewe. Mamangu mdogo pengine hangeihitaji, mizunguko minne haifikishi ule mpaka, na moyo wake ulipimwa mwaka huu uko sawa. Nazungumzia wale wachache ambao daktari anawaambia "tumefika mwisho" wakati mwisho wenyewe ni wa bajeti.

Kama uko na mtu anaanza ile dawa nyekundu wiki hii, ulizeni kama atapimwa moyo kwa eko kabla ya dozi ya kwanza, na muandike kwa kitabu dozi zake zote, miligramu ngapi, tarehe gani, kwa sababu akihama hospitali hiyo hesabu hupotea. Na kama familia yenu imewahi kununua doksorubisini ya liposomu hapa Kenya, nitumie picha ya risiti, nitaficha jina la mgonjwa na la duka. Nataka tuweke hizo bei zote pahali pamoja.